Mabao Mawili, Namba Moja: 18,446,744,073,709,551,615

Bao la babu lilikuwa na mashimo 32 na kete 64, kama lilivyo bao la Kiswahili popote: safu nne za mashimo manane manane, mbili za mchezaji wa huku na mbili za mchezaji wa kule. Kete zake zilikuwa komwe, ngumu na za kijivu, zilizolainishwa na vidole vya watu wengi ambao sikuwahi kuwajua. Mchana wa jua kali, wazee walipokuwa wamejinyoosha, sisi watoto tuliruhusiwa kulichezea, na ni wakati huo nilipojaribu kwa mara ya kwanza kuweka komwe moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na kuendelea hivyo hivyo. Nilijaza mashimo sita, nikabaki na komwe moja mkononi. Nilizimwaga zote nikaanza upya, nikidhani nimekosea kuhesabu, na mara ya pili pia nikabaki na moja.

Sikuwa nimekosea. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita na thelathini na mbili zikijumlishwa hupatikana 63, na shimo la saba lingehitaji 64 peke yake. Ndivyo ilivyo siku zote katika kuzidisha kwa mbili: jumla ya yote yaliyotangulia hupungukiwa na moja tu ili ilingane na linalofuata. Nilikuja kulielewa jambo hilo vizuri miaka mingi baadaye, na tangu hapo nimekuwa nikiirudia namba moja ambayo inazaliwa na mchezo ule ule, ila mashimo yakiwa 64 badala ya sita. Ukiweka mabao mawili ubavu kwa ubavu, safu nne juu ya safu nne, unapata umbo la manane kwa manane, yaani ubao kamili wa sataranji, na jumla ya kete zote zinazotakiwa ni 18,446,744,073,709,551,615.

Namba hii inajulikana duniani kwa ukubwa wake, nami nadhani huko ni kuionea, kwa sababu uzuri wake umo ndani, katika namna inavyogawanyika. Hata hivyo ukubwa hauwezi kurukwa, basi tuanze nao.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Ibn Khallikan, aliyekuwa kadhi mkuu wa Damascus na kufariki mwaka 1282, anasimulia kwamba Sissa mwana wa Dahir alimbunia mfalme wa India mchezo wa sataranji, na mfalme alipomwambia achague zawadi, aliomba punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, na kuzidisha hivyo mpaka mraba wa 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo, hata likamuudhi, mpaka watunza hesabu wake walipomweleza kwamba ngano iliyomo katika milki yake haitoshi. Ninachokipenda katika masimulizi ya kadhi huyo ni ukweli wake: anakiri kwamba yeye mwenyewe hakuamini, mpaka alipokutana na mtaalamu wa hesabu kutoka Alexandria aliyemwonyesha kwa maandishi. Mtaalamu huyo hakumtajia tarakimu ishirini. Alizidisha hadi mraba wa 16, akapata punje 32,768, akasema hicho ni kipimo kimoja cha nafaka. Kisha akaacha kuhesabu punje na kuanza kuhesabu vipimo, halafu magunia, halafu maghala, halafu miji yenye maghala 1,024 kila mmoja, na katika mraba wa mwisho akafikia miji 16,384.

Niliamua kuijaribu njia hiyo jikoni kwangu. Nilihesabu punje elfu moja za mchele, kazi iliyonichukua sehemu kubwa ya jioni, nikazipima, zikawa gramu 20 hivi. Kwa kipimo hicho, punje 32,768 za mraba wa 16 zina uzito wa takribani gramu 655, na kiasi hicho hakihitaji maelezo kwa mtu aliyelelewa na bibi aliyepimia nafaka kwa kibaba, kwa maana kibaba kimoja cha mchele hakipiti hapo kwa mbali. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Haba ikiongezwa punje moja moja, kibaba kinahitaji punje zaidi ya elfu thelathini. Haba ikizidishwa kwa mbili, kibaba kinajaa katika hatua ya 16. Hatua mbili mbele ni pishi, na katika mraba wa 23 tumekaribia gunia la kilo mia. Bao zima la kwanza, mashimo yake yote 32, linabeba tani 86 hivi, mzigo wa malori makubwa matatu. Mpaka hapo mfalme hana sababu ya kuogopa. Bao la pili ndilo linalomfilisi, kwa sababu kila shimo lake lina kete mara 4,294,967,296 ya shimo linalolingana nalo katika bao la kwanza. Jumla ya yote ni kama tani bilioni 369 za mchele, na dunia yetu ya leo, inayovuna takribani tani milioni 500 za mchele kwa mwaka, ingehitaji zaidi ya miaka mia saba kulilipa deni hilo bila mtu yeyote kula.

Nilipotaka kuiona namba yenyewe kamili, kikokotoo changu kilinipa 1.844674407 na kuniachia nimalize mwenyewe kwa kumi kwa kipeo cha 19. Jedwali la kompyuta nalo liliandika tarakimu kumi na tano za mwanzo na kujaza sifuri tano mwishoni. Vyote viwili vilikuwa vimeificha tarakimu ya mwisho, na kwa namba hii tarakimu ya mwisho ni jambo zito, maana ile tano ndiyo inayotuambia kwamba namba inagawanyika kwa tano. Basi nilichukua daftari la miraba na kufuata njia ya al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarezm ambaye aliikokotoa namba hii kwa usahihi katika kitabu chake cha kalenda za mataifa ya kale, yapata mwaka 1000. Hakuzidisha kwa mbili mara 63 kama mtu angedhani. Aliona kwamba kilichomo katika mraba wa tano, yaani 16, kikizidishwa kwa chenyewe hutoa kilichomo katika mraba wa tisa, yaani 256. Hicho nacho kikizidishwa kwa chenyewe hutoa cha mraba wa 17, ambacho ni 65,536. Kisha cha mraba wa 33, ambacho ni 4,294,967,296. Na mara ya mwisho hutoa cha mraba wa 65, mraba usiokuwepo kwenye ubao. Ukiondoa moja kwenye hicho cha mwisho, umeipata jumla ya ubao mzima. Ni ile komwe yangu moja iliyobaki mkononi.

Sasa turudi kwenye mabao, kwa sababu njia ya al-Biruni ikitazamwa kwa upande wa pili inaifungua namba yetu vipande vipande, wala huhitaji kugawanya chochote.

Anza na shimo moja lenye kete moja. Ongeza shimo la pili, lenye kete mbili, na jumla ni 3. Ungana na mashimo mawili mengine: haya yanarudia mawili ya kwanza, ila kila kimoja kimezidishwa mara nne, kwa hiyo jumla mpya ni ya zamani mara moja na tena mara nne, yaani mara tano: 3 mara 5, ambayo ni 15. Ungana na manne mengine, yanayorudia yale manne yakiwa yamezidishwa mara 16, na jumla inakuwa 15 mara 17, yaani 255. Safu moja ya bao imekamilika. Safu ya pili inairudia ya kwanza mara 256, kwa hiyo safu mbili, upande mzima wa mchezaji mmoja, ni 255 mara 257, yaani 65,535. Upande wa mpinzani unarudia upande huu mara 65,536, na bao zima ni 65,535 mara 65,537, yaani 4,294,967,295. Bao la pili likiungwa, tunazidisha kwa 4,294,967,297, na namba yetu imetimia.

Kwa maneno mengine, namba hii ya tarakimu 20 ni zao la maungio sita: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Kila ungio ni shimo kwa shimo, safu kwa safu, upande kwa upande, bao kwa bao. Na kila ungio, likipunguzwa mbili, ni zao la maungio yote yaliyolitangulia, jambo ambalo unaweza kulihakiki mwenyewe: 3 mara 5 ni 15, na 17 ni 15 na mbili. Kwa sababu hiyo hakuna maungio mawili yanayoshirikiana kigawo, kwa kuwa kigawo hicho kingelazimika kuigawanya mbili, na maungio yote ni namba witiri. Christian Goldbach alilitumia jambo hili katika barua yake kwa Leonhard Euler mwaka 1730 kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: maungio hayana kikomo, na kila moja huja na namba tasa yake ambayo wenzake hawana.

Maungio matano ya kwanza ni namba tasa yenyewe. 3, 5 na 17 kila mwanafunzi anazijua. 257 inathibitishwa kwa dakika chache. 65,537 inahitaji uvumilivu wa jioni moja au mbili. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyezipenda namba kuliko kesi, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini maungio yote ya namna hii ni namba tasa, huku akikiri kwamba hana uthibitisho. Imani hiyo ilikaa miaka tisini na zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1729 Goldbach alimuuliza Euler kama anaijua kauli ya Fermat, na mwaka 1732 Euler, akiwa na umri wa miaka 25 huko St. Petersburg, akatoa jibu: ungio la sita, lile linalounganisha bao na bao, linagawanyika kwa 641.

Nimekaa na jibu hilo mara nyingi, na kila mara linanipa furaha. 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Mtu angeweza kudhani Euler alijaribu kila namba tasa mpaka akaipata, lakini 641 ni namba tasa ya 116, naye hakuwa na haja ya kujaribu zote hizo. Alikuja kuonyesha kwamba namba tasa yoyote inayoligawanya ungio hilo lazima ibakize moja inapogawanywa kwa 64, idadi ile ile ya kete za bao. Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano tu, na imani ya Fermat imeanguka.

Uthibitisho kwamba 641 inagawanya unaweza kufanywa hata bila kugawanya. Tazama kwamba 641 ni 5 mara 128 na moja juu yake. Kwa hiyo, machoni pa 641, yaani tukijali tu baki la kugawanya kwa 641, zao la 5 na mbili kwa kipeo cha 7 ni sawa na hasi moja. Kipeo cha nne cha hasi moja ni moja, kwa hiyo zao la tano kwa kipeo cha 4 na mbili kwa kipeo cha 28 ni sawa na moja. Lakini tano kwa kipeo cha 4 ni 625, na 625 ni 641 ukiondoa 16; machoni pa 641, basi, ni sawa na hasi 16, yaani hasi ya mbili kwa kipeo cha 4. Weka hasi hiyo mahali pa 625, na unapata kwamba hasi ya mbili kwa kipeo cha 32 ni sawa na moja. Ukiongeza mbili kwa kipeo cha 32 pande zote mbili, mbili kwa kipeo cha 32 na moja juu yake inakuwa sifuri, maana yake 641 inaigawanya bila baki. Nilipoipitia hoja hii kwa mara ya kwanza niliiandika nyuma ya risiti ya duka, na risiti hiyo ninayo mpaka leo ingawa wino wa duka umeshafifia.

Kwa hiyo namba yetu, ikivunjwa mpaka mwisho, ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 641 mara 65,537 mara 6,700,417. Namba tasa saba, kila moja ikitokea mara moja tu, na vigawo 128 kwa jumla.

Tofauti kati ya bao la kwanza na la pili sasa inaonekana wazi, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha namba hii. Bao moja, 4,294,967,295, limejengwa kwa namba tasa tano za Fermat na si kitu kingine. Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, jambo ambalo Wagiriki hawakulijua, na baadaye akaeleza kwamba hilo linawezekana kwa kila umbo ambalo idadi ya pande zake ni zao la namba tasa tofauti za Fermat, hata likizidishwa kwa mbili mara yoyote. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba maumbo mengine hayawezekani. Hakuna namba tasa ya Fermat inayojulikana zaidi ya zile tano. Kwa hiyo umbo kubwa kuliko yote lenye pande witiri ambalo tunajua linaweza kuchorwa kwa rula na bikari lina pande 4,294,967,295: idadi ya kete za bao moja lililojazwa kwa kuzidisha, bila kuzidi wala kupungua hata moja. Na vigawo vya namba hiyo ni 32, sawa na mashimo ya bao lenyewe. Ukiondoa moja, vilivyobaki 31 ndivyo maumbo yote ya pande witiri yanayojulikana kuchorwa hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisoma popote kwa lugha ya mabao, na nililiona nikiwa na kalamu mkononi. Chukua jumla ya safu moja, 255, na uhesabu namba kuanzia 1 mpaka 255 ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa moja. Utapata 128, na 128 ndiyo idadi ya kete katika shimo la mwisho la safu hiyo. Fanya hivyo kwa upande mzima, 65,535: utapata 32,768, shimo la mwisho la upande. Fanya hivyo kwa bao zima: utapata 2,147,483,648, shimo la mwisho la bao. Sababu ni kwamba namba tasa ya Fermat ikipunguzwa moja ni kipeo cha mbili, na vipeo vya mbili vikizidishwa hubaki kuwa vipeo vya mbili. Ungetarajia mabao mawili yatoe shimo la 64, ambalo lina 9,223,372,036,854,775,808. Hayatoi. Hesabu inapungua hapo, kwa kuwa 641 na 6,700,417 zikipunguzwa moja si vipeo vya mbili, na mfuatano uliodumu tangu shimo la pili unakatika mahali pale pale bao linapokutana na bao.

Kwenye kompyuta namba hii ndiyo kikomo cha biti 64, yaani nafasi 64 za sifuri au moja, zote zikiwa moja. Ukiongeza moja, mashine nyingi hurudi kwenye sifuri, kana kwamba komwe ile iliyobaki imetiwa na bao lote likafagiliwa. Édouard Lucas naye aliiweka katika fumbo lake la mnara wa mwaka 1883, lenye visahani 64 vinavyohamishwa kimoja kimoja kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Uhamisho unaohitajika ni namba hii hasa, na kwa uhamisho mmoja kila sekunde ungechukua zaidi ya miaka bilioni 584.

Ungio linalofuata, lile linalounganisha mabao mawili na mabao mawili mengine, ni namba yetu ikiongezewa mbili: 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880 akiwa mzee wa miaka 82, bila mashine, akapata 274,177 mara 67,280,421,310,721. Tangu hapo maungio yote hadi lile linaloandikwa kwa mbili kwa kipeo cha mbili kwa kipeo cha 32, na moja juu yake, yameonyeshwa kwamba si namba tasa, ingawa baadhi yake yanajulikana kugawanyika huku hakuna hata kigawo kimoja kilichopatikana. La kwanza ambalo halijaamuliwa linaunganisha mabao 268,435,456 ya upande huu na mengine 268,435,456 ya upande ule, na hakuna anayejua kama ni tasa kama 65,537 au limejificha kitu kama 641.